Chakula cha Nje Ndani ya Mkahawa: Hasara ni ya Nani?



Alifika katika ofisi yetu ya Kigali dada mmoja, mhudumu wa mkahawa wa kahawa. Mkononi alikuwa na karatasi yake ya mshahara. Katika karatasi hiyo palikuwa na mstari mmoja ulioongezwa kwa kalamu ya wino: "Hasara ya Jumamosi, faranga 12,000." Alituuliza swali moja tu: "Hasara hii niliileta mimi?"

Swali hilo linaonekana dogo, lakini tulipolichunguza tuliona kwamba linahitaji maelezo marefu. Wasomaji wetu wengi wamo viwandani na katika mashamba ya chai na kahawa, na huenda wakasema kwamba mambo ya mikahawa ya mjini hayawahusu. Yanawahusu. Kwanza, kahawa inayouzwa pale imetoka mikononi mwao. Pili, namna hasara inavyoshuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo ni ile ile, iwe ni mkahawani, kiwandani au kwenye mizani ya majani ya chai.

MAMBO YALIVYOKUWA

Mkahawa wenyewe ni mdogo. Una meza nane, na mwenyewe si kampuni kubwa. Ni mtu mmoja aliyekopa benki akanunua mashine ya kahawa na kupanga chumba. Jumamosi moja, saa 9 alasiri, waliingia watu sita kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Waliunganisha meza mbili. Walikuja na keki iliyonunuliwa kwingine, sambusa ndani ya mfuko wa karatasi, na chupa za soda. Wakaagiza vikombe vinne vya kahawa ya maziwa, kisha wakaomba sahani na kisu.

Dada aliwapa. Kwao alikolelewa mgeni hanyimwi sahani. Tena hakuna aliyepata kumwambia kwamba chakula cha nje kimekatazwa, na ukutani hapakuwa na tangazo lolote.

Wageni walikaa saa tatu. Mwenye mkahawa alipofika alikuta meza mbili zimejaa chakula ambacho hakukiuza yeye, na mlangoni watu wanachungulia, hawaoni nafasi, wanaondoka. Akamwamuru dada awaambie wale wageni waondoe vyakula vyao au watoke. Dada akaenda, akasema kwa adabu: "Samahani sana mama, tajiri amesema chakula cha nje hakiruhusiwi." Yule mama akajibu: "Mbona sahani umetupa wewe mwenyewe?" Tajiri akaingilia kwa ukali, maneno yakapanda, sahani moja ikaanguka ikavunjika, na wageni wote sita wakatoka bila kulipa.

Vikombe vinne kwa faranga 2,000 kila kimoja ni faranga 8,000. Sahani ikahesabiwa faranga 4,000. Jumla faranga 12,000, na zote zikakatwa katika mshahara wa dada.

KWA NINI WATU HULETA CHAKULA

Kabla ya kumlaumu mteja, yafaa tufahamu kinachomleta na mfuko wake mkononi.

Sababu ya kwanza ni bei. Anayefanya kazi mjini anaweza kumudu kikombe kimoja cha kahawa mara moja moja, lakini kikombe pamoja na kipande cha keki na sandwichi ni mzigo mwingine. Maandazi na sambusa za dukani karibu na kituo cha basi ni rahisi zaidi. Kwa hiyo hununua chakula kule, na kahawa hapa.

Sababu ya pili ni muda. Mwezi Novemba 2022 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 saa za kazi ziwe kutoka saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na katikati pawe na saa moja ya mapumziko ya mchana. Mtu anayekaa Kabuga au Nyamata hawezi kwenda kula nyumbani na kurudi kwa saa moja. Hubeba chakula chake, na kazini kwake mara nyingi hapana mahali pa kukilia.

Sababu ya tatu ni desturi. Nchini Rwanda, hasa kwa wazee na kwa watu waliolelewa na wazee, kula huku unatembea barabarani ni aibu. Katika miji mingine mtu hununua andazi akalitafuna njiani hadi kituoni. Kigali mtu mwenye heshima zake hulifunga katika karatasi akatafuta kiti. Na kiti kilicho wazi, chenye kivuli na maji ya kunawa, mara nyingi ni cha mkahawa.

Sababu ya nne ni mahitaji ya mwili na ya imani. Yuko mama mwenye mtoto mchanga, yuko mgonjwa wa sukari, yuko Mwislamu kutoka Nyamirambo asiyekula nyama asiyojua imechinjwaje. Hawa hawaleti chakula kwa ubahili.

Kwa hiyo tusiseme kwamba kila aletaye chakula ni mnyang'anyi. Lakini tusiseme pia kwamba mwenye mkahawa hana haki. Tutazame hesabu.

KIKOMBE KIMOJA KINABEBA NINI

Kahawa iliingia Rwanda kwa mikono ya wamisionari wa Kijerumani, nao waliipanda Mibirizi, kusini-magharibi mwa nchi, mwanzoni mwa karne iliyopita. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliwalazimisha wakulima kuilima. Tangu hapo karibu mavuno yote yamekuwa ya kupelekwa nje. Mkulima aliichuma, akaiosha, akaianika, na asiijue ladha yake. Mikahawa ya kahawa ya kisasa ni jambo la juzi tu: duka la kwanza la Bourbon Coffee lilifunguliwa Kigali mwaka 2007, na mwaka uliofuata Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya mashindano ya kahawa bora yaitwayo Cup of Excellence. Baada ya hapo ikaja mikahawa midogo ya watu binafsi, kama huu tunaousema.

Tuchukue kikombe cha faranga 2,000 na kukipasua. Bei za hesabu hii ni za mfano, tumezifanya nyepesi ili kila msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu.

Mkahawa ulioandikishwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani hutoa asilimia 18. Katika faranga 2,000, kodi hiyo ni faranga 305. Zinabaki 1,695.

Kikombe kikubwa hutumia kiasi cha gramu 18 za kahawa iliyokaangwa. Tukisema kilo moja ya kahawa iliyokaangwa ni faranga 12,000, gramu hizo ni kama faranga 215. Maziwa ni faranga 200. Sukari, maji na karatasi ya kupangusia, faranga 80. Zinabaki kama faranga 1,200.

Mkulima wa kahawa atauliza: na mimi niko wapi? Kilo moja ya matunda mabivu, ikishamenywa, kuoshwa, kukaushwa, kukobolewa na kukaangwa, hutoa kahawa ya kutosha vikombe kama saba vya namna hiyo. Mwaka 2024 bei ya chini ya kilo moja ya matunda hayo iliyotangazwa kwa wakulima ilikuwa faranga 480. Gawanya kwa saba: katika kikombe cha faranga 2,000, aliyechuma anapata faranga 70 hivi. Hilo ni jambo la kuandikiwa makala yake peke yake. Hapa tunalitaja ili ieleweke kwamba kinachouzwa mkahawani kwa sehemu kubwa si kahawa. Ni nini basi?

Ni kiti. Zile faranga 1,200 zilizobaki ndizo zinazolipa pango, mishahara, umeme, mlinzi na deni la benki. Tuseme mambo hayo yote kwa mwezi ni faranga 1,500,000. Kwa siku ni faranga 50,000. Maana yake ni kwamba lazima viuzwe vikombe 42 kila siku, hata Jumapili, kabla ya mwenye mkahawa kupata faranga moja ya kwake.

Sasa tugawe faranga 50,000 hizo kwa meza. Meza nane zikiwa wazi saa kumi kwa siku, ni saa 80 za meza. Kila meza inatakiwa ilete faranga 625 kwa saa. Anayekalia meza ya watu wanne tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa kikombe kimoja, huku akila sambusa za nje, amekaa kwenye kiti kinacholipiwa na mwingine. Mkate na keki za mkahawa ndizo zinazosaidia kuziba pengo hilo, kwa sababu mtu hanywi vikombe vinne mfululizo, lakini anaweza kunywa kimoja na kula kitu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mikahawa kukataza chakula cha nje, nayo ni sababu ya kweli.

Tena tuipime Jumamosi ile kwa kipimo hicho hicho. Meza mbili kwa saa tatu ni saa sita za meza, yaani faranga 3,750. Vikombe vinne, kama vingelipwa, vingeacha faranga 4,800. Kwa hesabu ya wastani, wageni wale wangekuwa wamelipia viti vyao! Mwenye mkahawa atajibu, na tunakubali, kwamba Jumamosi alasiri si saa ya wastani. Saa hizo ndizo zinazobeba meza tupu za Jumanne asubuhi, na watu waliogeuka mlangoni walikuwa ni fedha iliyokwenda. Lakini hasara hiyo ya mlangoni haikuandikwa katika karatasi ya mshahara. Iliyoandikwa ni ya vikombe na sahani, na hiyo haikuletwa na keki. Ililetwa na ugomvi.

AFYA NA LAWAMA

Sababu ya pili ya katazo ni afya. Mtu akila sambusa iliyokaa juani, akanywa kahawa ya mkahawa, kisha usiku tumbo likamsokota, atasema amekula wapi? Atautaja mkahawa. Mkaguzi akija ataangalia jiko la mkahawa, vyombo vya mkahawa, na mikono ya wahudumu wa mkahawa. Sambusa yenyewe haipo tena ikaguliwe.

Kuna pia suala la takataka. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja. Mgeni akija na kijiko au kikombe cha plastiki alichokipata kusikojulikana, kinabaki mezani pa mkahawa, na anayekiokota ni mhudumu. Vivyo hivyo makombo, mafuta ya sambusa na krimu ya keki. Sahani sita za chakula kisichouzwa na mkahawa huoshwa kwa maji ya mkahawa na kwa mikono ya mfanyakazi ambaye hakuongezewa kitu.

KWINGINE WANAFANYAJE

Jambo hili si la Kigali peke yake, na kila mahali wamelitatua kwa kutazama nani analipia kiti.

Unguja, katika Mji Mkongwe, watu hukutana jioni kunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, kama vile pale Jaws Corner. Muuza kahawa ana buli lake na makaa yake. Watu hukaa barazani. Hakuna anayemwuliza mwenzake amekuja na kashata au mkate kutoka wapi, kwa sababu muuza kahawa halipi pango la baraza. Anauza kahawa tu.

Katika baa nyingi za Tanzania mwenye baa huuza vinywaji, na mchoma nyama au mkaanga chipsi ni mtu mwingine aliyepewa pembe yake. Mteja hula cha huyu akanywa cha yule, na hakuna ugomvi, kwa kuwa wamekwisha kupatana wao kwa wao kabla mteja hajaingia.

Mbali zaidi, katika mji wa Munich, Ujerumani, kuna bustani za bia ambamo mteja huruhusiwa kuleta chakula chake kutoka nyumbani. Desturi hiyo inatokana na amri ya mwaka 1812 ya Mfalme Maximilian I wa Bavaria. Wenye mahoteli walikuwa wamelalamika kwamba watengeneza bia wanawapokonya wateja. Mfalme akawaruhusu watengeneza bia kuuza bia yao katika bustani zao, lakini akawakataza kuuza chakula isipokuwa mkate. Basi watu wakaja na chakula chao, na hadi leo wanakuja nacho. Lakini tazama utaratibu wao: meza zisizo na kitambaa ni za wenye chakula chao, nao huenda wenyewe kuchukua bia. Meza zenye kitambaa ni za wanaohudumiwa na kuagiza chakula cha pale. Kanuni imewekwa juu ya meza yenyewe. Hakuna mhudumu anayetumwa kwenda kumwambia mgeni kwamba amekosea kukaa.

Mifano hii mitatu inatufundisha jambo moja. Chakula cha nje kinaweza kuruhusiwa na kinaweza kukatazwa, na kote kuwili watu wakaishi kwa amani, mradi kanuni ijulikane kabla mtu hajakaa. Ugomvi huzaliwa pale ambapo kanuni imo kichwani mwa tajiri peke yake.

FAHALI WAWILI NA NYASI

Wazee walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Mwenye mkahawa ana haki ya kulinda kiti chake. Mteja ana haki ya kujua anachoruhusiwa. Katikati yao amesimama mhudumu.

Fikirini kazi aliyopewa dada yetu. Hakushiriki kutunga kanuni, wala hakuambiwa kwamba ipo. Alipowapa wageni sahani alikuwa mhudumu mwema. Dakika moja baadaye, kwa kufanya jambo lile lile, akawa mkosaji. Kisha akaamriwa atimize kanuni hiyo mbele ya watu sita waliomzidi umri na cheo. Angewafukuza mapema, wangelalamika kwa tajiri kwamba hana adabu. Alipoacha, akakatwa mshahara. Lolote ambalo angefanya lingemwangukia yeye.

Ndugu zetu wachuma chai wanaijua hali hii. Majani yakifika mizanini, kilo hupunguzwa kwa ajili ya umande na uzito wa gunia. Umande hakuuleta mchumaji, na gunia si lake. Lakini yeye ndiye wa chini kabisa, na hasara, kama maji, hutafuta mahali pa chini.

Hapo ndipo chama kinapoingia. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa mishahara, unasema kwamba mshahara usikatwe ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa wasuluhishi. Na kwamba mfanyakazi ajulishwe masharti hayo. Msingi wake ni mwepesi kuelewa: mshahara ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa, na tajiri asiufanye kuwa mfuko wa kuchotea hasara za biashara. Hapa Rwanda kazi husimamiwa na Sheria namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023. Mfanyakazi anayeona mstari asioufahamu katika karatasi yake ya mshahara asitie sahihi kwa hofu. Aipeleke karatasi kwa wajumbe wa wafanyakazi mahali pake pa kazi, au kwa chama, au kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya yake.

TULIVYOPATANA

Tulikwenda kumwona mwenye mkahawa. Hatukwenda kwa kelele. Tulikwenda na hesabu hii mliyoisoma, na tulimwonyesha kwamba tunaijua shida yake. Alitueleza kwamba yeye mwenyewe alianza maisha kwa kuosha vikombe, na kwamba deni la mashine linamnyima usingizi. Tulimwuliza: je, siku alipokuwa akiosha vikombe angeweza kulipa faranga 12,000 za ugomvi wa watu wengine? Alinyamaza kitambo. Baadaye tukaandika mapatano, nayo tunayatoa hapa kwa kuwa yanaweza kuwafaa wengine:

1. Kanuni iandikwe na kubandikwa mlangoni na juu ya kila meza, kwa Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. (Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, haifai kusahauliwa.)

2. Chakula cha nje hakiruhusiwi ndani, isipokuwa chakula cha mtoto mchanga na cha mgonjwa. Mhudumu haruhusiwi kumhoji mgonjwa ugonjwa wake.

3. Meza mbili za nje, chini ya mwavuli, ziwe wazi kwa mtu yeyote aliyenunua kinywaji, hata akiwa na chakula chake, kutoka saa 3 hadi saa 5 asubuhi, wakati meza nyingi zinakuwa tupu. Saa hizo kiti kitupu hakimpi tajiri kitu.

4. Keki ya sherehe iruhusiwe kwa taarifa ya siku moja kabla. Mteja alipe faranga 5,000 za sahani, visu na usafi. Fedha hizo ziingie katika risiti ya mashine kama mauzo mengine, na faranga 1,000 kati yake ziwe za wahudumu wa zamu hiyo, mbali na mshahara wao.

5. Mteja akivunja kanuni, mhudumu amwonyeshe tangazo mara moja tu, kwa adabu. Mteja akikataa, kazi ya kuzungumza naye ni ya mwenye mkahawa au msimamizi. Mhudumu asitumwe tena.

6. Mteja akiondoka bila kulipa, hasara hiyo ni ya biashara. Haitakatwa katika mshahara wa mtu yeyote.

Faranga 8,000 za vikombe zilirudishwa katika mshahara wa mwezi uliofuata. Faranga 4,000 za sahani hazikurudi. Tajiri anashikilia kwamba chombo kilikuwa mikononi mwa mhudumu. Sisi tunasema kilikuwa juu ya meza ya wageni, na kwamba sahani huvunjika katika kila mkahawa duniani kama vile jembe linavyolika shambani. Jambo hilo bado tunalidai, na hatutaliacha kwa sababu ni dogo. Kwa mtu mwenye mshahara mdogo, faranga 4,000 ni chakula cha watoto.

SISI TUKIWA WATEJA

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Siku ya mshahara, au siku tunapofika Kigali kwa shughuli za hospitali au za watoto, sisi nasi ni wateja. Tunaingia mahali tumebeba viazi vyetu na ndizi zetu, na hapana ubaya. Lakini tukumbuke mambo machache.

Tusome tangazo kabla ya kukaa. Kama halipo, tuulize: "Dada, naweza kula hiki hapa?" Akisema hapana, tusimgombeze; hakuitunga yeye. Kama tuna neno, tulipeleke kwa mwenye mahali. Tukiruhusiwa, tusikae muda mrefu wakati watu wamejaa, tukusanye makombo yetu, na tusiondoke bila kulipa kwa sababu tumekasirika. Anayetoka bila kulipa hudhani amemkomoa tajiri. Dada yetu alikuja kwetu na karatasi yake kutuonyesha nani hasa aliyekomolewa.

Na bakshishi, kama tunayo, ni nyongeza ya hiari. Haiwi badala ya mshahara. Mkataba namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, uliotungwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mahoteli na mikahawa, unasema wazi kwamba hata kama kuna bakshishi, mfanyakazi apate malipo ya msingi kwa vipindi vinavyojulikana.

MZIZI WENYEWE

Tumesema juu ya mkahawa, lakini mzizi wa jambo uko mahali pengine. Watu wengi huingia mkahawani na chakula chao kwa sababu kazini kwao hapana mahali pa kulia. Karani hula juu ya meza ya kazi huku amefunika sahani kwa gazeti. Fundi hula amekaa juu ya tofali. Mchuma chai hula viazi vyake kati ya mistari ya chai, mvua ikinyesha.

Hili si jambo geni. Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 102 mwaka 1956 kuhusu huduma za wafanyakazi. Linashauri kwamba penye uwezekano pawe na kantini kazini; na mahali ambapo kantini haiwezekani, pawe na chumba ambamo wafanyakazi wanaweza kupasha moto na kula chakula walichokuja nacho. Chumba, meza, maji ya kunawa na jiko dogo: hayo hayafilisi kiwanda. Tangu mwaka 1956 hadi leo ni zaidi ya nusu karne, na bado kuna wafanyakazi wanaotafuta kiti cha kulia mjini kama mtu atafutaye kivuli jangwani.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa wafanyakazi katika kila kiwanda na kila shamba walete taarifa kwenye tawi lao: je, mnapo mahali pa kulia? Pana paa? Pana maji? Wafanyakazi wangapi wanakula kwa zamu moja? Tutalipeleka jambo hilo katika mazungumzo yajayo na waajiri tukiwa na taarifa hizo mkononi, kama tulivyokwenda mkahawani na hesabu mkononi.

Dada yetu yuko kazini. Juzi tulipita kumsalimu tukakuta tangazo limebandikwa juu ya kila meza, na nje, chini ya mwavuli, wazee wawili wanakunywa kahawa na maandazi waliyokuja nayo. Ilikuwa saa 4 asubuhi. Aliwapelekea sahani.